Nyanya peleka balkoni, stroberi ibaki chumbani

Swali lilikuja hivi: "Habari mtaalam. Nakaa Sinza, fleti ghorofa ya tatu, sina hata kipande cha ardhi. Nina chumba kidogo kimoja hakitumiki na balkoni kama mita tatu inaangalia kaskazini. Nataka nifunge mabomba ya PVC humo chumbani, niweke taa, nilime stroberi na nyanya pamoja kwa maji bila udongo kama navyoona kwenye video. Bajeti yangu laki tano. Italipa? Nianze na nini?"

Nzuri dada, na asante kwa kutaja kwamba balkoni inaangalia kaskazini maana wengi hawasemi na mimi ndio kitu cha kwanza huwa nauliza. Nikujibu moja kwa moja kabla sijaanza kuchambua: hayo mabomba usinunue, nyanya zitoe chumbani uzipeleke balkoni, stroberi ndio ibaki ndani, tena sio kwenye hicho chumba kisichotumika bali kwenye chumba unacholala kama kina AC. Kulipa kwa maana ya hela, nyanya za ndani kwa taa hazilipi kabisa, hesabu nitakuonesha. Stroberi nayo kwa Dar ni ya kujifurahisha zaidi kuliko biashara ila inawezekana.

Tuanze na hili la kuziweka pamoja. Stroberi na nyanya hazili chakula cha ukali mmoja. Ukali wa mbolea kwenye maji tunaupima kwa EC, nyanya ikishaanza kuzaa inataka EC ya 2 mpaka 3 na zaidi kidogo, stroberi ukiipa hiyo inaanza kuungua pembeni mwa majani, yenyewe inataka 1 mpaka 1.4 basi. Ukitengeneza tenki moja la kati kwa kati zote mbili zinakaa kwa shida, nyanya njaa na stroberi chumvi. Halafu mizizi ya nyanya, dada, wale wa kwenye video hawakuoneshi mwezi wa tatu. Mche mmoja wa nyanya unaweza kujaza bomba la inchi nne mizizi mpaka maji yanakosa pa kupita, yanarudi nyuma yanamwagika, na wewe uko ghorofa ya tatu, utagongewa mlango na jirani wa chini usiku wa manane.

Sasa mwanga, hapa ndio pesa ilipo. Macho yetu yanatudanganya sana, chumba tunachokiona kina mwanga kwa mmea ni giza. Pakua programu yoyote ya kupima lux kwenye simu, weka simu juu ya meza katikati ya chumba mchana, utakuta lux 200 au 300 hivi, toka nje juani saa sita inafika kama laki moja. Nyanya ili izae vizuri chini ya taa inataka kama lux 35,000 kwa masaa 14 kila siku, stroberi inaridhika na nusu yake hivi. Balbu zako za kawaida za wati 9 hata uning'inize kumi hufiki huko.

Hesabu yenyewe hii hapa. Taa nzuri ya LED ya mimea inayokula wati 100 kweli kweli (nasema kweli kweli kwa sababu zile za zambarau zinaandikwa 1000W kwenye boksi na ukipima zinakula 100 au hata chini ya hapo) inatosha nusu mita ya mraba ya nyanya, yaani miche miwili ya kawaida au minne ya vile vifupi. Masaa 14 kwa siku ni uniti 1.4, kwa mwezi uniti 42. Kwa nyumba zilizopo kwenye T1, daraja la kawaida la TANESCO, uniti na kodi zake inakuja kama shilingi 356, kwa hiyo karibu elfu 15 kila mwezi, na miezi miwili mitatu ya mwanzo unalipa hujaona hata nyanya moja. Sasa nenda sokoni na hiyo elfu 15 uone utarudi na nyanya kiasi gani. Na hapo feni, mbolea na bei ya taa yenyewe sijavigusa.

Najua utasema mbona wanasema kilimo cha maji kinazaa mara kumi ya udongo. Hayo maneno ni ya zamani. Miaka ya 1930 huko California, Gericke wa chuo kikuu cha pale alipanda nyanya kwenye matangi ya maji zikapanda mpaka futi 25, magazeti yakachanganyikiwa, watu wakaanza kuuziwa vifaa vya kulimia nyumbani kwa ahadi za ajabu. Wenzake wa chuo hichohicho, Hoagland na Arnon, wakakaa wakafanya jaribio la haki, nyanya kwenye maji, kwenye mchanga na kwenye udongo mzuri, zote ndani ya griinhausi moja, na 1938 wakatoa majibu kwamba mavuno hayapishani sana. Kilichokuwa kinaamua ni mwanga na hali ya hewa. Hao hao Hoagland na Arnon ndio wenye fomula ya mbolea ya maji ambayo mpaka leo dunia nzima inaitumia, kwa hiyo hawakuwa wanapinga kilimo hiki, walikuwa wanasema tu maji hayafanyi miujiza. Faida yake ni kwamba huhitaji ardhi, magonjwa ya udongo yanakupitia mbali, na maji unatumia kidogo. Kwa mtu wa fleti hiyo inatosha sana.

Basi balkoni yako. Dar iko kusini mwa ikweta, nyuzi karibu 7, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka kama tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, yaani linakuingilia wewe moja kwa moja, na Juni na Julai linaingia ndani zaidi. Na bahati nzuri ndio miezi ambayo Dar inapoa, usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 19 hivi. Nyanya inapenda hapo. Usiku wa Januari na Februari ni nyuzi 25, mchana 32, hapo chavua inaharibika na maua yanadondoka hata uipe mbolea ya mfalme, na jua lenyewe kipindi hicho limehamia kusini limekuacha. Kwa hiyo sia mbegu mwishoni mwa Machi au Aprili, mche wa wiki nne uhamishie kwenye ndoo, maua yaje baridi ikianza, ule nyanya Julai mpaka Septemba. Desemba mpaka Februari pumzika, lima mchicha au matembele kwenye ndoo hizohizo.

Mbegu chagua kwa akili. Anna F1 wanayoisifia kwenye griinhausi inapanda bila kikomo, mita mbili na zaidi, inataka kamba na kukatwa machipukizi kila wiki, kwa balkoni ni kero. Tanya au Tengeru 97, hizi zetu zilizotoka Tengeru Arusha, zinaishia kimo cha wastani na ni mbegu ya kawaida sio chotara kwa hiyo unaweza hata kujiwekea yako. Ila kama unataka raha kabisa tafuta nyanya ndogo zile za cheri za kimo kifupi, Tiny Tim au Micro-Tom, hizi hata ndoo ya lita 5 zinatosha na hata mtu akitaka kuzijaribu chini ya taa ndio hizi.

Pampu sikushauri. Umeme wa kwetu unaujua, na mfumo wa maji yanayotembea kwenye bomba pampu ikisimama mchana wa joto, mizizi inabaki inaning'inia hewani na miche inalegea haraka sana, wewe uko kazini huna habari. Tumia ndoo za lita 20 zenye vumbi la makumbi ya nazi. Huo bado ni haidroponiki, hakuna udongo na chakula chote kinatoka kwenye maji, tofauti ni kwamba umeme ukikatika siku nzima mmea hata haujui. Makumbi sisi watu wa pwani tunayo mpaka tunayachoma, ila angalia yametoka wapi, yale yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari ili kutoa usumba yamejaa chumvi ya bahari. Hata ya dukani osha. Loweka, kamua, mwaga, rudia mpaka maji yanayotoka yakipimwa EC yawe karibu sawa na ya bomba lako, mwisho loweka usiku mmoja kwenye maji ya kalsiamu naitreti yenye EC kama 2, kwa sababu makumbi mapya yana tabia ya kushika kalsiamu yakakunyang'anya, na nyanya ikikosa kalsiamu inaoza kitako. Toboa ndoo pembeni, kama sentimita tatu juu ya kitako chake, sio chini kabisa, ili ibaki akiba kidogo. Mwagilia asubuhi na jioni, mti ukiwa mkubwa na mchana pia, mpaka kama moja ya tano ya ulichomwaga itoke nje, hiyo ndio inasafisha chumvi.

Na hicho kitako cheusi kikitokea usikimbilie kuongeza mbolea, mara nyingi tatizo ni kumwagilia leo kesho kusahau, au EC imepanda sana, kalsiamu ipo ila haifiki kwenye tunda. Maua ya nyanya yanajichavusha yenyewe lakini balkoni iliyozibwa na vioo haina upepo wa kuyatikisa, kwa hiyo kila siku mida ya saa nne tano asubuhi gonga shina kwa kidole, au mswaki wa umeme nyuma ya kikonyo cha ua sekunde mbili tatu, ukiangalia karibu utaona unga wa njano unadondoka kama vumbi. Unyevu ukiwa mkubwa sana asubuhi unga hautoki, subiri pakauke.

Haya stroberi. Huyu ni mtu wa baridi, ndio maana unamkuta Lushoto, Arusha kule juu, na Limuru kwa wenzetu Kenya. Aina nyingi zinazolimwa huku, kama Chandler, zinatoa maua siku zikiwa fupi na hewa ikiwa ya baridi, joto likizidi nyuzi 27, 28 maua yanagoma na mti unabaki kutoa majani na vikamba vya kuzaa miche tu. Tafuta aina zisizojali urefu wa siku, Albion au San Andreas, nazo haziupendi usiku wa joto ila zinavumilia. Ndio maana nikasema chumba cha kulala. Kuwasha AC usiku kucha kwa ajili ya stroberi peke yake ni kichekesho, inaweza kula uniti nne tano au zaidi kila usiku, lakini kama wewe mwenyewe unalala na AC ya nyuzi 20, 22 basi stroberi nayo inadandia baridi ambayo umeshalipia. Kama hulali na AC kabisa, kusema ukweli stroberi iache, fanya nyanya tu na hizo hela kalime kitu kingine.

Weka miche sita mpaka nane, sio zaidi kwa kuanzia, kwenye boksi mbili tatu ndefu zenye makumbi, dirishani, na taa moja ya wati 50 juu yake. Iwashe saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita, izime mchana ule wa joto kali dirisha likiwa wazi, iwashe tena saa kumi jioni mpaka saa nne usiku unapolala. Masaa 12, uniti 18 kwa mwezi, kama elfu 6 na mia nne. Nunua taima ya kuchomeka ukutani, usitegemee kukumbuka. Feni ndogo ipige polepole juu ya majani.

Miche nunua, mbegu usihangaike nazo. Na zile mbegu za mtandaoni za stroberi za bluu na nyeusi, dada, hakuna stroberi ya bluu duniani, ni picha imepakwa rangi. Ukipanda angalia kile kifundo cha katikati majani yanapochomokea, kibaki juu ya makumbi, ukikifukia kinaoza ndani ya wiki chache, ukikiacha juu sana mizizi inakauka. Nusu ndani nusu nje. Maua ya wiki za mwanzo yatoe ili mti ujenge mizizi, na vikamba vikate vyote.

Uchavushaji wa stroberi unataka subira kuliko nyanya. Vile vitu vidogo tunavyoviita mbegu juu ya tunda, kila kimoja kilikuwa sehemu yake ya ua, na kila kimoja kikichavushwa ndio kinaamuru nyama iliyo chini yake inenepe. Chukua brashi laini ya kupakia rangi, zungusha taratibu katikati ya ua upande wote, siku mbili tatu mfululizo. Ukikuta tunda limejikunja, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa na mbegu zimesongamana hapo kwenye msinyao, ujue upande ule brashi haikupita.

Mbolea sasa, na hapa ndio watu wanapotea dukani. Ukienda duka la pembejeo ukasema nataka kalsiamu naitreti kuna muuzaji atakupa CAN. Hapana. CAN ina amonia na unga wa chokaa usioyeyuka, ni ya kukuzia mahindi, kwenye haidroponiki itakuharibia kila kitu. Soma mfuko, iwe kalsiamu naitreti ile inayoyeyuka yote maji yakabaki maangavu. Ukipata unga wa mbolea ya nyanya ulioandikwa 4-18-38 wenye na madini madogomadogo kazi imeisha, kwa lita 20 za maji weka gramu 12 za unga huo, koroga iyeyuke, kisha gramu 6 za chumvi ya Epsom (magnesiamu salfeti), koroga, mwisho gramu 12 za kalsiamu naitreti. Utaratibu ni huohuo na usichanganye vikiwa vikavu au kwenye maji kidogo, kalsiamu ikikutana na salfeti ikiwa nzito inaganda chini kama chaki na haipatikani tena. Stroberi tumia nusu ya vipimo hivyo halafu pima uone iko kati ya 1 na 1.2. Mita nyingi za bei chee zinaonesha ppm, nyingi 500 ni sawa na EC 1, ila zipo zinazotumia 700, soma karatasi yake. pH, yaani uchachu wa maji, iwe 5.5 mpaka 6.2. Ndimu na siki zinashusha kweli ila baada ya siku moja mbili inarudi palepale, asidi ya fosforiki ni tone tu na inakaa, vaa glavu.

Majani angalia kwa nyuma kila wiki, ndani ya nyumba hewa kavu ya AC inaleta utitiri, vidoti vidogo na utando mwembamba, ukiwahi unaosha tu kwa maji ya sabuni kidogo. Kwa nyanya za balkoni weka neti, kantangaze, yule nondo ambaye viwavi wake wanatoboa majani na nyanya, anapanda ghorofa vizuri tu. Na kitu chochote chenye maji, ndoo ya akiba, sahani ya chini ya boksi, funika au mwaga kila siku, mwani unapenda mwanga na mbu wa dengi anapenda maji masafi ya ndani, Dar tumeshaugua vya kutosha 2014 na 2019.

Laki tano yako basi: taa na taima zichukue sehemu kubwa, zifuate mita ya EC na ya pH, halafu mizani ndogo ya kupimia gramu, mbolea, miche, ndoo. Makumbi karibu bure. Kama hutaki hasara anza na mita ya EC peke yake kabla ya kununua kingine chochote, pima maji ya bomba lako, na kama jengo linatumia kisima cha kuchimba pima hayo pia maana visima vingi vya Dar vina chumvi na stroberi ndio wa kwanza kulia. Ikisoma chini ya 0.5 endelea tu. Ikifika 0.8 na kuendelea, nyanya itavumilia ila stroberi itabidi uichanganyie maji ya mvua au yale yanayodondoka kwenye bomba la AC, hayana chumvi karibu kabisa, na kwa joto la Dar unapata lita kadhaa kwa usiku, kinga ndoo. Nitumie hiyo namba pamoja na aina ya miche utakayopata tujue stroberi unaianza mwaka huu au unaanza na nyanya kwanza.